Dalili za Hatari Katika Kumchagua Wakili

Wakili husema kwa niaba ya mtu mwingine, na sheria huyapokea maneno yake kana kwamba yametoka kinywani mwa mteja. Alichokiandika katika hati ya madai huhesabika kuwa ni cha mteja. Alichokikubali mbele ya hakimu humfunga mteja. Siku asipotokea mahakamani, mteja ndiye aliyekosa kutokea, na shauri linaweza kufutwa au kusikilizwa upande mmoja.

Mahakama za Tanzania zimelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi. Katika shauri la Calico Textile Industries dhidi ya Pyaraliesmail Premji, lililochapishwa katika ripoti za kesi za mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba wakili kushindwa kuikagua sheria si sababu ya kutosha ya kumruhusu mtu akate rufaa nje ya muda. Msimamo huo umerudiwa mara nyingi tangu wakati huo: uzembe wa wakili, kwa kawaida, haumpi mteja muda mwingine. Kwa hiyo kumchunguza wakili kabla ya kumkabidhi shauri ni sehemu ya kulilinda shauri lenyewe. Dalili nyingi za hatari huonekana mapema, kabla fedha hazijatolewa, kwa mtu anayejua pa kuangalia. Mhadhara huu unazipitia kwa utaratibu ambao mteja hukutana nazo, kwa kufuata zaidi sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na daftari lake la mawakili, na Kenya inatajwa pale inapotoa funzo.

Hadhi ya anayejiita wakili

Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa utaratibu wa kawaida, mhitimu wa chuo kikuu hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha huomba kukubaliwa, huapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na jina lake huingizwa katika Daftari la Mawakili. Hata hapo bado hajakamilika. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka awe na leseni ya uwakili iliyo hai, nayo huhuishwa kila mwaka. Mtu anaweza kuwa amesoma sheria vizuri, anafanya kazi katika kampuni au shirika, na akawa mshauri mzuri, lakini asiwe na ruhusa ya kumwakilisha mtu mahakamani wala kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo.

Dalili ya kwanza ya hatari, basi, ni mtu anayekwepa kutaja namba yake ya usajili katika Daftari. Wakili wa kweli huitaja bila kuona haya. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa kielektroniki wa mawakili, unaojulikana kama e-Wakili, ambamo mwananchi anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954 na kufahamika zaidi kwa herufi TLS, nacho huweza kuulizwa. Ukaguzi huu ni wa dakika chache, na uzito wake unaonekana katika uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Edson Mbogoro dhidi ya Dkt. Emmanuel Nchimbi: wakili anayefanya kazi bila leseni iliyo hai anavunja sheria, na anachokifanya katika hali hiyo hakina nguvu kisheria. Mteja aliyelipa ada na kusubiri miaka anaweza kukuta kila kilichofanywa kwa jina lake hakikuwa na msingi.

Nchini Kenya msimamo ulichukua njia nyingine. Mwaka 2015, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na leseni ya mwaka huo. Adhabu ni ya wakili, na mteja asiye na kosa asiumizwe. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na mtu mwenye biashara au mali pande zote mbili za mpaka: kinga aliyo nayo Mombasa asidhani anayo Tanga.

Kenya imetoa funzo jingine pia. Mwezi Oktoba 2023 Chama cha Mawakili cha Kenya kilitangaza habari za mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili kwa kutumia utambulisho wa wakili halisi ambaye majina yao yanafanana. Kulikuta jina katika orodha hakutoshi basi. Mteja alinganishe jina, namba ya usajili na anuani ya ofisi, na ahakikishe kwamba mtu anayezungumza naye ndiye yule yule aliyeandikwa.

Kundi la vishoka, yaani wanaofanya kazi ya uwakili bila ruhusa, ni kubwa kuliko matapeli wanaovaa suti na kujiita mawakili. Wamo wanaokaa nje ya mahakama na kuandika hati kwa bei nafuu, na wamo watumishi wanaofanya kazi za pembeni. Hakimu, karani wa mahakama na wakili wa serikali hawaruhusiwi kubeba kesi za watu binafsi kwa malipo. Anayesema kwamba yumo ndani ya mfumo, na kwa hiyo ataisukuma kesi vizuri zaidi, anajitangaza mwenyewe kuwa ni mtu wa kuepukwa.

Alama moja huwafichua watu hawa bila kelele. Sheria inataka hati ya kisheria iwe na jina na anuani ya aliyeiandaa. Kishoka hathubutu kuliandika lake. Huandika kwamba hati imeandaliwa na mdai mwenyewe. Mteja aliyelipa fedha ili aandikiwe hati, kisha akakuta inasema ameiandika yeye, ana ushahidi mkononi kwamba aliyemlipa hataki kujulikana.

Mazungumzo ya kwanza

Namna wakili anavyosikiliza mara ya kwanza husema mengi kuhusu atakavyofanya kazi. Wakili makini huuliza tarehe. Hutaka kujua mkataba ulivunjwa lini, barua ya kuachishwa kazi ilipokelewa siku gani, hukumu ilisomwa lini. Huuliza hivyo kwa sababu kila dai lina ukomo wake. Tanzania Bara, madai ya mkataba hukoma baada ya miaka 6, madai ya fidia kwa madhara aliyotendewa mtu baada ya miaka 3, na madai ya kurejesha ardhi baada ya miaka 12. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayetoka Mahakama ya Mwanzo na kutaka kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ana siku 30, na kusudio la kukata rufaa ya madai Mahakama ya Rufani huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi. Anayepokea kesi bila kuuliza tarehe hata moja ama haijui kazi yake, ama haijali.

Dalili nyingine ni ahadi ya ushindi. Hakuna wakili anayeweza kujua hakimu ataamua nini baada ya kusikiliza mashahidi ambao hawajasimama na kusoma vielelezo ambavyo havijapokelewa. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba dai lina nguvu hapa na udhaifu pale, na kwamba upande wa pili huenda ukajitetea kwa hoja fulani. Maneno kama hayo hayamfurahishi mtu aliyedhulumiwa, ambaye amekuja akitafuta faraja, na ndiyo sababu tapeli humshinda mkweli kwa urahisi mwanzoni. Mteja anayeambiwa udhaifu wa kesi yake siku ya kwanza ametendewa wema.

Mbaya kuliko ahadi ni jina la hakimu kutumika kama bidhaa. Kauli za aina ya "hakimu tunafahamiana" hufuatwa, mara nyingi, na ombi la fedha taslimu za kumwona. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Mteja aliyefika ofisini akiwa na haki yake hutoka akiwa mshiriki wa jinai, na tangu hapo hana tena ujasiri wa kumlalamikia wakili huyo. Mara nyingi fedha hizo hazimfikii hakimu hata kidogo. Hubaki mfukoni mwa aliyeziomba. Taarifa za namna hii hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambayo hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

Namna mteja na wakili walivyokutana nayo ina maana. Maadili ya uwakili, Tanzania na Kenya, yanakataza wakili kutafuta wateja kwa kutumia madalali. Waathirika wa ajali za barabarani ndio wanaosumbuliwa zaidi: majeruhi bado yuko wodini, au msiba haujaisha, na mtu ameshafika na fomu ya kusaini ili fidia ya bima ifuatiliwe. Saini inayoombwa wodini au msibani inaweza kungoja hadi mtu apate utulivu na mtu wa kushauriana naye.

Ada, gharama na risiti

Ugomvi mwingi kati ya mteja na wakili huanzia kwenye fedha, na huanza kwa sababu mambo matatu yalichanganywa tangu mwanzo. Ada ni malipo ya kazi ya wakili. Gharama ni fedha zinazotumika kuendesha shauri, kama ada za mahakama, nauli na kutoa nakala. Fedha za mteja ni mali ya mteja iliyo mikononi mwa wakili, kwa mfano bei ya kiwanja inayosubiri kukabidhiwa muuzaji, au fidia iliyolipwa na upande ulioshindwa.

Wakili anayetaja kiasi kimoja kikubwa bila kueleza kinahusu nini anaacha mlango wazi wa kuomba tena na tena. Makubaliano mazuri huandikwa. Husema kazi gani itafanywa, katika mahakama gani, kwa ada kiasi gani, italipwa kwa awamu zipi, na kama rufaa imo au ni kazi nyingine. Tanzania ina Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, inayotoa viwango vinavyotumika kupima ada na gharama. Wakili anayekataa kuandika makubaliano, au anayesema mambo ya ada ni ya kuaminiana tu, anamnyima mteja kipimo hicho.

Ada za mahakama za Tanzania hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Mteja ana haki ya kuiona namba hiyo na stakabadhi yake. Wakili anayesema kwamba shauri limefunguliwa lakini hana stakabadhi wala namba ya shauri, huenda hajalifungua kabisa. Vivyo hivyo kwa ada yake mwenyewe: malipo bila risiti, au malipo yanayoelekezwa kwenye simu ya mtu mwingine asiyejulikana ofisini, hayaachi alama ya kumlinda mteja siku ya mgogoro.

Kuhusu fedha za mteja, kanuni ni nyepesi kueleweka na nzito kuvunjwa: zisichanganywe na za wakili. Zinakaa katika akaunti ya wateja, na wakili hutoa hesabu yake anapoulizwa. Fidia iliyolipwa miezi iliyopita huku mteja akiambiwa bado mambo yanashughulikiwa ni miongoni mwa dalili nzito kuliko zote. Mteja anaweza kuuliza upande uliolipa ni lini ulilipa na kwa nani, na jibu la maandishi la upande huo humaliza ubishi.

Bei ya chini mno nayo ni ya kutiliwa shaka, hasa inapotolewa na mtu asiye na ofisi. Asiyeweza kulipa ana njia halali. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania husaidia wasio na uwezo. Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria, huwapa wananchi ushauri wa bure. Msaidizi wa kisheria hutoa elimu na ushauri wa awali. Anayejitambulisha hivyo kisha akadai ada ya kumsimamia mtu mahakamani amevuka mpaka wake.

Hati, viapo na mgongano wa maslahi

Kuna hatari zinazojificha ndani ya karatasi. Ya kwanza ni kusaini karatasi tupu, au hati yenye nafasi zitakazojazwa baadaye. Hakuna haraka ya kisheria inayohalalisha jambo hilo. Ya pili ni kuacha nyaraka halisi, hasa hati ya kiwanja, bila stakabadhi inayoorodhesha kilichoachwa. Kwa kazi nyingi nakala hutosha, na nyaraka halisi hupelekwa siku zinapohitajika kuonyeshwa.

Ya tatu inahusu viapo. Mawakili wengi pia ni makamishna wa viapo, lakini Sheria ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamzuia kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi ndani yake. Inataka pia kiapo kieleze mahali na tarehe kilipoapwa. Wakili anayeandaa kiapo cha mteja wake kisha akakigonga muhuri wake mwenyewe, au anayegonga muhuri bila mwapaji kuwepo mbele yake, anatengeneza hati ambayo upande wa pili utaiwekea pingamizi. Ombi zima linaweza kutupwa kwa kasoro ya muhuri, hata kama madai yaliyomo ni ya kweli.

Mgongano wa maslahi huonekana zaidi katika mauziano ya ardhi na katika mirathi. Muuzaji na mnunuzi wa kiwanja wanapotumia wakili mmoja ili kupunguza gharama, wakili huyo hawezi kumwambia mnunuzi kwa uhuru kila anachokijua kuhusu muuzaji. Kama ameletwa na dalali wa muuzaji, mnunuzi hana mtu wa upande wake kabisa. Wakili anayemtumikia mnunuzi kwa uaminifu hutaka upekuzi ufanyike katika ofisi ya Msajili wa Hati kabla ya fedha kutoka, na kiwanja kisichosajiliwa hukiulizia kwa uongozi wa mtaa na majirani. Anayesema upekuzi unachelewesha biashara ana sababu yake ya kuharakisha.

Katika mirathi, wakili wa msimamizi wa mirathi si wakili wa kila mrithi. Mjane au watoto wanaoambiwa kwamba wakili ni mmoja tu wa familia nzima, na ambao hawaonyeshwi orodha ya mali wala hesabu ya mgawanyo, wanahitaji mshauri wao wenyewe.

Shauri linapoendelea

Dalili nyingine huchelewa kujitokeza. Ukimya ndio dalili ya kawaida zaidi. Wakili ana kazi nyingi, na kukosa kupokea simu siku moja si kosa. Lakini mteja asiyejua namba ya shauri lake, jina la hakimu au jaji, na tarehe ya kutajwa tena, hana njia ya kujua kama shauri liko hai. Mambo hayo matatu anapaswa kuyajua wakati wote. Akiyajua, anaweza kufika masijala ya mahakama na kuuliza, maana shauri ni lake. Hukumu na maamuzi mengi huchapishwa pia katika tovuti za TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya, na wapo walioutambua ukweli hapo: kesi waliyoambiwa inaendelea ilikwisha kufutwa.

Maahirisho yanayoombwa kila mara na wakili wa mdai mwenyewe yanahitaji maelezo. Hali kadhalika wakili kumtuma mwenzake asimame kwa niaba yake kila tarehe, na mwenzake huyo akawa hajalisoma jalada. Jambo la kutiliwa shaka kuliko hayo ni suluhu iliyokubaliwa bila mteja kuulizwa. Uamuzi wa kusuluhisha au kuendelea ni wa mteja. Kazi ya wakili ni kushauri na kutekeleza.

Dalili zinapoonekana

Hatua ya kwanza ni kuandika. Barua fupi yenye tarehe, inayoomba taarifa ya shauri, hesabu ya fedha na nakala za nyaraka, huwatosha mawakili wengi waaminifu waliochelewa kwa sababu halali, na hubaki kuwa ushahidi dhidi ya asiye mwaminifu. Hatua ya pili ni kubadili wakili. Mteja ana uhuru huo, na mahakama hujulishwa kwa maandishi ili wakili mpya atambuliwe. Badiliko hilo lisifanyike siku ya kusikilizwa, wala katika siku za mwisho za rufaa, ila pale ambapo hakuna njia nyingine, kwa sababu saa ya ukomo wa muda haisimami wateja na mawakili wanapogombana.

Kama mzozo ni wa kiasi cha ada, ankara ya wakili inaweza kupelekwa mbele ya afisa wa mahakama anayekadiria gharama ili ipimwe. Kama ni mwenendo, malalamiko hupelekwa kwenye Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sura ya 341, inayoongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kazi kwa muda, au kuliondoa jina lake katika Daftari. Kenya ina Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na Baraza la Nidhamu. Kama fedha zimeibwa, au aliyezichukua hakuwa wakili kabisa, ni jinai, na mahali pake ni polisi.

Vyombo hivyo vina nguvu, lakini vinakuja baadaye. Vinaweza kumwadhibu aliyekosa. Haviwezi sikuzote kumrudishia mjane kiwanja kilichouzwa wala mfanyakazi siku 30 zilizopita. Kinga iliyo mikononi mwa mteja mwenyewe ni ile ya mapema: kuikagua namba ya usajili kabla ya kukubaliana, kutaka makubaliano ya ada kwa maandishi, kutunza kila risiti, na kuijua tarehe ya shauri lake.